Fedha za Uzinduzi na Fedha za Ufagio

Bustani nyingi za miji yetu midogo hupata fedha mara mbili tu: zinapojengwa na zinapofufuliwa. Kati ya nyakati hizo mbili hupita miaka ishirini, pengine thelathini, na katika muda wote huo ukipekua vitabu vya manispaa hutaona fungu lililoandikwa jina la bustani hiyo. Utaona fungu la usafi wa mji mzima, fungu la barabara na fungu la dharura. Bustani huishi kwa kinachobaki hapo. Taa zikishakufa, majani yakageuka vumbi na mabomba ya maji yakang'olewa, ndipo tunasema bustani imechakaa. Mradi unaandikwa, mfadhili anatafutwa, utepe unakatwa, na hesabu ya miaka inaanza upya.

Kazi yangu ni bustani za miji, na jambo ninalolipigania katika kila kikao ni hili: kabla ya kuuliza bustani itafanana vipi, tuulize nani atalipwa kuifagia Jumanne ya mwaka wa saba, na fedha hizo zitatoka wapi. Jibu likikosekana, mchoro mzuri hautaokoa kitu. Nitaeleza kwa mfano wa Forodhani, Unguja, kwa sababu ni bustani ambayo karibu kila msomaji wa pwani ameikanyaga au ameisikia, na kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote yanayoihangaisha bustani ya mji mdogo: bahari, biashara, watalii, wenyeji, urithi, na taasisi zaidi ya moja zenye neno juu yake.

Forodhani iko baina ya bahari na majengo makubwa mawili, Ngome Kongwe na Beit el-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883. Eneo hilo lilifanywa bustani katika miaka ya 1930, likaitwa Jubilee Gardens. Vizazi vimekuwa vikija hapo jioni kupunga upepo na kula. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 ilikuwa imechoka: ukuta wa bahari umeliwa, maji ya mvua hayana pa kupita, giza limetawala sehemu kubwa. Mwaka 2008 Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, kwa makubaliano na Serikali ya Zanzibar, ilianza kuijenga upya, na mwezi Julai 2009 ikafunguliwa tena.

Watu wengi waliona viti, njia na miti mipya. Kazi kubwa haikuonekana, kwa kuwa ilikuwa chini ya ardhi na ndani ya ukuta: kuimarisha kingo za bahari, kutengeneza mifereji ya maji ya mvua na maji machafu, kulaza nyaya za taa. Mpangilio huo ulikuwa sahihi, na nausifu bila kusita, maana nimeona miji ikianza na maua na kumalizia na mifereji, kisha maua yakaoza kwenye maji yaliyotuama mwezi wa Aprili. Bustani ya pwani hujengwa kutoka chini kwenda juu. Lakini hata mfereji uliojengwa vizuri unahitaji mtu wa kuutoa mchanga kabla ya masika, na taa ya ufukweni inahitaji kufunguliwa, kufutwa chumvi na kubadilishwa skrubu zilizoshika kutu. Hizo ni kazi za kila mwezi. Haziwezi kufanywa na mradi, kwa sababu mradi una tarehe ya kuondoka.

Anayetaka kuona gharama ya kuchelewa asisogee mbali, ageuze shingo tu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafariki. Ukarabati ulikuwa umeanza, lakini uchakavu ulikuwa umeutangulia kwa miaka mingi. Bustani haiui watu kwa namna hiyo, na pengine ndiyo sababu kuchakaa kwake hakumshtui mtu. Inapungua kidogo kidogo: leo taa moja, mwezi ujao mfereji mmoja, mwakani choo.

Sasa tuje kwenye hesabu. Wahandisi wa majengo ya umma wana kanuni ya zamani kwamba kila mwaka utenge asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga jengo upya, kwa ajili ya matunzo tu. Kwa kila shilingi bilioni moja iliyojengwa, hiyo ni milioni 20 hadi 40 kwa mwaka. Bustani ina vitu hai vinavyokua na kufa, inakanyagwa mchana na usiku, na ikiwa ufukweni inaliwa na chumvi, kwa hiyo kuiweka chini ya kiwango cha jengo ni kujidanganya. Mimi hupendelea njia nyingine ya kufika kwenye tarakimu. Kaa na watu wanaoifanya kazi yenyewe, mwandike kila kinachofanywa kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi, kwa mwaka na kwa kila miaka kumi. Kufagia na kumwaga mapipa ni kwa siku, tena mara mbili penye vyakula. Kukata majani ni kwa wiki wakati wa mvua, kwa mwezi wakati wa kiangazi. Kukagua miti ni kwa mwaka, kabla ya masika na si baada yake. Kubadilisha sakafu za njia ni kwa muongo. Kila kazi ipe saa za mtu na bei ya vifaa, kisha jumlisha. Ukimaliza utakuwa na tarakimu unayoweza kuitetea mbele ya madiwani, na wao watakuwa na tarakimu ya kuikataa hadharani. Hilo la pili lina maana yake pia. Diwani akikataa fungu lililoandikwa "kutoa mchanga mifereji ya Forodhani kabla ya masika", wananchi watajua nani aliamua maji yatuame.

Pamoja na fungu, bustani inahitaji mtu mmoja anayejulikana kuwa ni wake. Mji Mkongwe, ambamo Forodhani imo, uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe inayolinda sura yake. Ipo manispaa yenye kazi za usafi na biashara ndogo ndogo. Wapo wa umeme, wapo wa maji, wapo wa utalii, na polisi. Kila mmoja ana sehemu yake halali. Lakini mama aliyekwenda na watoto akakuta mfuniko wa mfereji umeondoka hapaswi kujua mipaka ya taasisi hizo. Anapaswa kujua jina moja na namba moja ya simu iliyobandikwa kwenye ukuta. Meneja wa bustani si cheo kikubwa wala hahitaji ofisi kubwa, ila anahitaji mamlaka ya kununua taa na kokoto bila kungoja sahihi tano, na daftari la kila alichonunua lililo wazi kwa atakayetaka kusoma.

Jambo linalozua ubishi mkubwa ni wauzaji wa vyakula. Jioni Forodhani huwa ni mishkaki, pweza, urojo, mkate wa kumimina, piza ya Kizanzibari inayokaangwa mbele yako, na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Wapo wapangaji miji wanaowaona watu hawa kama uvamizi wa kuvumiliwa, wengine wangetaka wahamishwe kabisa. Naona wanakosea sana. Wauzaji ndio wanaoifanya bustani iwe na watu saa tatu za usiku, na watu ndio ulinzi wa kwanza. Palipo na jiko linalowaka, mzee anayekoroga urojo na watoto wanaosubiri chenji, mwanamke anaweza kupita peke yake bila kuharakisha hatua. Ukiwaondoa utahitaji kuajiri askari, na askari hawapiki.

Hata hivyo jikoni kuna madhara, na ni lazima yatajwe kwa usahihi badala ya kulalamikiwa kwa jumla. La kwanza ni mafuta. Yanayomwagwa kwenye mfereji wa mvua hugandana na mchanga, na masika ya kwanza yakija maji yanarudi juu. Dawa yake ni kisima kidogo cha kunasa mafuta katika sehemu ya kuoshea vyombo, kinachosafishwa kila wiki kwa zamu. La pili wachache wanalifahamu: majivu ya makaa. Muuzaji akifunga kazi humwaga majivu kwenye shina la mti ulio karibu, akiamini anaurutubisha. Kwa shamba la udongo wenye tindikali angekuwa sawa. Lakini udongo wa Mji Mkongwe umekaa juu ya mawe ya matumbawe, una chokaa nyingi tayari, na majivu yanaongeza kilekile kilichozidi. Mti unashindwa kufyonza madini ya chuma. Majani yake yanakuwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani, na baada ya misimu kadhaa matawi ya juu yanakauka. Watu watasema mti umerogwa au umezeeka, kumbe ni ndoo ya majivu kila usiku. Pipa la chuma lenye mfuniko, lililoandikwa "majivu hapa", ni rahisi kuliko kupanda mti mpya na kuungoja miaka kumi na tano.

La tatu ni neema iliyojificha, nayo ni makapi ya miwa. Mashine za juisi hutoa magunia kwa magunia kila jioni, na kwa kawaida huishia jaani. Makapi hayo yana nyuzi nyingi na sukari kidogo. Ukiyachanganya na majani mabichi yaliyokatwa na maganda ya mboga, ukayageuza na kuyanyunyizia maji, baada ya miezi michache unapata mboji nyeusi ambayo udongo wa matumbawe unaililia. Hata bila kuyaozesha, ukiyatandaza kuzunguka mti, mbali kidogo na shina, yanahifadhi unyevu wa kiangazi cha Januari. Bustani inayonunua mbolea huku inalipa gari la taka kubeba makapi inapoteza fedha mara mbili.

Kwa haya yote wauzaji wanahitaji mkataba, na wao wenyewe ndio wa kwanza kuutaka, kwa sababu asiye na mkataba hana uhakika wa kesho. Mkataba useme eneo la kila meza, turubai chini ya jiko, saa za kufunga, zamu za usafi na ada. Ada ilipwe kwa risiti. Na hapa ndipo kiini cha safu hii: ada ya bustani ibaki bustanini. Ikienda kwenye mfuko mkuu wa manispaa haitarudi, si kwa ubaya wa mtu, ila kwa kuwa mfuko mkuu siku zote una shida kubwa kuliko taa ya bustani. Muuzaji anayeona ada yake ya mwezi uliopita imegeuka kuwa bomba jipya atalipa ya mwezi huu bila kufukuzwa. Asiyeona kitu atajificha, na hatakuwa na kosa kubwa.

Mfano mzuri wa jambo hili uko Nairobi. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulikuwa mahali pa kuogopwa. Baada ya kuzungushiwa uzio wa umeme na kusimamiwa kwa pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya na jumuiya ya marafiki wa msitu huo, umekuwa mahali ambapo familia hutembea kwa amani, na kiingilio kimelipa walinzi, njia na kupanda miti ya asili. Mwaka 2025 ulipotoka uamuzi kwamba malipo yote yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen, kukazuka malalamiko makubwa. Sikushangaa. Watu waliona wazi kwamba kamba inayounganisha mlango na matunzo ingekatika. Kufuatilia fedha za umma kwa mfumo wa kisasa ni jambo jema, ila mfumo huohuo ungeweza kuandikwa namna ambayo kila kilichokusanywa mahali kinarudi mahali hapohapo, na hesabu yake inatangazwa.

Je, Forodhani nayo iwe na kiingilio? Swali hili huulizwa kila mara, na wanaolileta hutaja bustani ya Al-Azhar mjini Cairo, iliyofunguliwa mwaka 2005 juu ya kilima cha kifusi na taka za karne nyingi, yenye ukubwa wa hekta 30 hivi, ambayo tiketi na migahawa yake huchangia kuiendesha. Al-Azhar ni bustani nzuri mno. Lakini ina ukuta na milango, na haiko njiani mwa mtu anayekwenda bandarini. Forodhani ni njia, ni kituo cha kungojeana, ni ufukwe wa mji. Ukiweka mlango utakuwa umeuuza upepo wa bahari kwa watu ambao wazee wao walikuwa wakiupata bure. Mimi napinga kabisa. Mgeni atachangia anapokula, hoteli zinazouza mandhari hiyo kwa wageni wake zichangie kwa ada ya kila mwaka, na matamasha yalipe dhamana kabla ya kufunga jukwaa. Tamasha la muziki la Sauti za Busara na la filamu la ZIFF yamekuwa yakijaza Ngome Kongwe, na umati wake umekuwa ukimwagikia bustanini. Siku mbili za umati zinaweza kuua majani ya miezi sita. Dhamana irudishwe au ikatwe kulingana na hali ya eneo asubuhi inayofuata, kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili.

Tuzungumzie majani hayo, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Tumezoea kuagiza majani ya kupendeza katika picha, ambayo hudai maji matamu kila siku, na Unguja maji matamu ni ya kunywa kwanza. Ukichimba kisima karibu na bahari na kukivuta kwa nguvu, unavuta chumvi. Pwani yetu ina majani yake, yale wakulima wa bustani kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa wanayoyaita Pemba. Ni mapana, yanatambaa, yanavumilia chumvi na kivuli, na yakikauka kiangazi hurudi na mvua. Hayafanani na uwanja wa gofu, na hayana haja ya kufanana. Penye kivuli kizito na miguu mingi hata Pemba hayatasimama. Hapo acha majani, tandika mchanga mgumu au vipande vya mawe, uweke kiti. Na watu wakishachora njia yao kwa miguu kuvuka pembe ya bustani, usiweke kamba. Tandika mawe palepale walipochora. Miguu elfu imeshafanya kazi ya mpimaji.

Maji ya kumwagilia miche yanaweza kutoka mbinguni. Mji wa Zanzibar hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100 hupokea lita 150,000. Hata nusu yake ikipotea, tangi lililofukiwa chini ya choo cha umma au kibanda cha walinzi linaweza kuvusha miche michanga hadi vuli. Wazee wetu walijua kuchimba birika. Sisi tumeona bomba la chuma tukasahau paa.

Miti nayo inateswa na watu wanaoipenda. Kila mji mdogo una kikosi kinachokuja na msumeno kabla ya sherehe za kitaifa na kukata vichwa vya miti yote ilingane. Mti uliokatwa kichwa huchipua machipukizi mengi kwa pupa, yaliyoshikilia juujuu kwenye gamba, na pale palipokatwa panaoza. Miaka michache baadaye ndiyo matawi hayo yanayoanguka juu ya watu wakati wa upepo, na kosa anabebeshwa mti. Tawi hukatwa penye asili yake, karibu na shina bila kulijeruhi, na kwa sababu inayoweza kutajwa. Kikosi kimoja kilichofundishwa kazi hii kwa wiki moja kitaokoa miti mingi kuliko kampeni ya kupanda ya mwaka mzima. Kwa kupanda, ufukweni napendelea mtondoo na mkungu: yote imezoea upepo wa chumvi, na ina kivuli cha kweli. Mvinje una sifa zake, lakini majani yake yanayodondoka hufunika ardhi na chini yake hakioti kitu. Na kila mti uwe na namba na ukurasa wake: ulipandwa lini, una kidonda gani, nani aliukagua.

Lipo jambo moja la Forodhani ambalo hakuna mchoraji aliyelichora, nalo ni makachu. Maji yakijaa, vijana hukimbia na kurukia baharini kutoka ukutani, kila mmoja na mtindo wake, na watu husimama kutazama. Hakuna burudani ya bustani iliyo hai kuliko hiyo katika pwani nzima, na imezaliwa na wenyeji wenyewe. Msimamizi mwoga angepiga marufuku, kwa kuwa hatari ipo: tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hukaribia mita nne, na panaporukwa salama saa kumi panaweza kuwa mwamba saa moja. Lakini marufuku ingewahamishia vijana mahali pasipo na macho. Kinachohitajika ni ngazi imara ya kupandia, kipimo cha kina kilichochorwa ukutani kwa rangi, ubao wa saa za maji unaobadilishwa kila wiki, pete ya kuokolea, na makachu wakubwa wawili watatu waliofundishwa uokoaji na kupewa posho. Vijana hao wanaifahamu bahari ile kuliko afisa yeyote. Kuwafanya walinzi wake ni kuwapa heshima wanayostahili.

Kuhusu macho ya watu kuwa ulinzi, mjini New York kuna bustani ndogo ya Bryant iliyokuwa imetekwa na wauza dawa za kulevya katika miaka ya 1970. Mtafiti William H. Whyte alipoombwa ushauri alisema tatizo ni kwamba bustani imejificha: ua mrefu, milango michache, mtu akiwa ndani haonekani kutoka barabarani. Ilifungwa mwaka 1988, ikafunguliwa tena mwaka 1992 ikiwa imefunguka kwa macho, na ikawekwa viti vyepesi ambavyo mtu anaweza kuvihamisha. Whyte alikuwa mtu wa kuhesabu. Alikaa, akatazama, akaandika nani anakaa wapi na kwa muda gani. Kazi hiyo haihitaji vifaa. Vijana wawili wa chuo wenye daftari, kwa muda wa saa moja asubuhi, saa moja alasiri na saa moja usiku, wanaweza kukuambia mengi kuliko ripoti ya mshauri. Tarakimu ninayoitazama kwanza ni idadi ya wanawake waliokaa, si waliopita, baada ya isha. Ikishuka, kuna kitu kimeharibika: taa, choo, au tabia ya watu fulani. Na hesabu ifuate kalenda yetu. Ramadhani bustani hulala mchana na huamka baada ya tarawehe. Usafi na zamu za walinzi vihame na saa hizo.

Choo nimekitaja kwa kupita, lakini hakistahili kupitwa. Bustani isiyo na choo safi na bomba la kutilia udhu imewafungia nje wanawake, wazee na watoto wadogo, hata kama haina mlango. Choo cha kulipia kinachosimamiwa na kikundi cha wanawake, ada ikiwa ndogo na ikibandikwa, ni huduma bora kuliko chemchemi yoyote ya mapambo.

Nimesema mengi juu ya Forodhani, na kosa kubwa lingekuwa kuishia hapo, kwa sababu watu wengi wa mji huu hawaishi karibu nayo. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012, na 893,169 katika sensa ya 2022. Ongezeko hilo la watu laki tatu katika miaka kumi halikuingia Mji Mkongwe. Limekwenda Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na mbele ya Ng'ambo. Shirika la Afya Duniani, tawi la Ulaya, limependekeza kila mkaazi awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta ndani ya mita 300 kutoka nyumbani, yaani mwendo wa dakika tano. Pima kutoka mtaa wowote wa ndani wa Ng'ambo uone. Watoto wanacheza barabarani, na sikukuu zikifika wanamiminika Mnazi Mmoja na Kariakoo kwa kuwa ndiko kuliko na nafasi.

Ardhi iliyobaki Ng'ambo ni vipande: pembeni ya msikiti, nyuma ya skuli, baina ya majumba ya Michenzani, uwanja wa mpira wa mtaa. Kila kipande kisichoandikwa kina mtu anayekitolea macho. Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alisimama karibu peke yake kupinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, Nairobi, akatukanwa hadi bungeni, na jengo halikujengwa. Ushujaa ule unatukuzwa, na ni haki. Lakini mji hauwezi kutegemea kwamba kila kiwanja cha watoto kitapata Maathai wake. Mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioandaliwa muongo uliopita kwa kuwashirikisha wakaazi, ulishaonyesha kwamba watu wenyewe wanajua maeneo yao ya wazi na matumizi yake. Kinachofuata ni vigingi vya mpima ardhi na hati yenye neno "wazi kwa umma", kipande baada ya kipande, hata kabla ya kupanda mti mmoja.

Baada ya hati, vifaa ni vichache: mtondoo mmoja au miwili, baraza ya mawe ya kutosha wazee kwa bao na kina mama kwa mazungumzo, taa moja ya jua iliyo juu ya mkono wa mwizi, bomba, na sehemu ya mchanga kwa watoto. Mtaa uchague mtunzaji, manispaa impe posho kutoka fungu lenye jina la kiwanja, na muuza kahawa apewe kona kwa ada itakayonunua balbu. Kwa maeneo ya mabonde, ardhi ichimbwe kidogo katikati ili maji ya masika yatulie hapo kwa saa chache badala ya kuingia vyumbani. Ningeanza na viwanja vitatu tu mwaka wa kwanza, vilivyo katika shehia tatu tofauti, na nisingeruhusu cha nne kianze hadi vitatu hivyo vimevuka masika na kiangazi, na daftari la gharama zake limesomwa mbele ya wakaazi.